Safari ya Kwanza Ujerumani: Mwongozo kwa Mgeni Atokaye Afrika Mashariki

Kila msimu wa likizo unapokaribia, watu wanaojiandaa kwenda Ujerumani kwa mara ya kwanza huuliza maswali yale yale: je, barua ya mwaliko inatosha kupata viza, mtu anaruhusiwa kumbebea dada yake samli na maembe, tiketi ya treni inakatwa wapi, na kwa nini fulani alitozwa faini ilhali tiketi alikuwa nayo mkononi. Mwongozo huu umeandikwa ili kuyajibu maswali hayo mahali pamoja. Unamhusu mgeni anayekwenda kutembea, kumwona ndugu, kuhudhuria mkutano au kushughulikia biashara kwa muda usiozidi siku 90. Anayekwenda kusoma, kuajiriwa au kuungana na mwenzi wake anahitaji viza ya aina nyingine, ambayo haimo katika maelezo haya.

Lishike jambo moja tangu mwanzo, kwa kuwa ndilo litakalokufafanulia hatua nyingi zinazofuata. Ujerumani mambo yamepangwa kwa kudhani kwamba kila mtu ameshausoma utaratibu kabla ya kufika. Hakuna kondakta wa kukuita uingie, hakuna geti la kukuzuia usipande treni bila tiketi, na ni nadra kupata mtu wa kukukumbusha. Lakini ukaguzi upo, na mkaguzi anapofika huangalia karatasi, hasikilizi maelezo. Wageni wengi wanaopata taabu huipata kwa sababu jambo lililopaswa kufanywa mapema halikufanywa, wala si kwa sababu wenyeji ni watu wabaya.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, itakayobaki hai kwa angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka katika nchi za Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), na yenye kurasa 2 tupu au zaidi.
- Bima ya afya ya safari inayofidia gharama zisizopungua yuro 30,000, inayotambulika katika nchi zote za Schengen, kwa siku zote za safari yako.
- Taarifa za benki za miezi 3 ya karibuni, barua ya mwajiri inayotaja kazi yako na likizo uliyopewa, au leseni na nyaraka za kodi ikiwa umejiajiri.
- Uthibitisho wa mahali utakapolala: nafasi ya hoteli au nyaraka za mwenyeji wako.
- Oda ya tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi. Usiilipie kabisa kabla viza haijatoka.
- Kadi ya benki inayokubalika nje ya nchi, pamoja na yuro taslimu za kutosha siku 2 au 3 za mwanzo.
- Adapta ya umeme. Plagi za Ujerumani zina pini mbili za mviringo, kwa hiyo chaja zetu zenye pini tatu za bapa haziingii. Nguvu ya umeme ni volti 230, hivyo kifaa chako hakitaungua.
- Dawa unazotumia, zikiwa katika paketi zake, pamoja na barua ya daktari.

Hatua ya 1: Omba viza mapema, mahali panapostahili

Viza ya Schengen huombwa katika ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ukikaa siku 10 Ujerumani na siku 3 Ufaransa, unaomba kwa Wajerumani, hata kama ndege yako itatua Paris kwanza. Ikiwa siku zinalingana, unaomba katika ubalozi wa nchi utakayoingia kwanza.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na kwa kawaida hayapokelewi zikiwa zimebaki pungufu ya siku 15. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 15, lakini unaweza kufika siku 45 ikiwa nyaraka zinahitaji uchunguzi. Ugumu mkubwa huwa katika kupata miadi, hasa kuelekea Juni na Desemba. Kwa hiyo ninashauri uanze kutafuta miadi miezi 3 kabla au zaidi. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na hairudishwi hata ukinyimwa viza.

Kuhusu mwaliko, ambalo ndilo swali linaloulizwa kuliko yote: barua ya kawaida iliyoandikwa na ndugu yako inaeleza tu kwamba anakukaribisha. Haisemi nani atalipa. Ikiwa mwenyeji ndiye atakayegharamia safari, anapaswa kwenda katika ofisi ya wageni ya mji wake, inayoitwa Ausländerbehörde, akaonyeshe kipato chake na kutia saini hati ya dhamana inayoitwa Verpflichtungserklärung. Ada yake ni yuro 29. Hati hiyo inamfunga kisheria kulipa gharama zako, zikiwemo za matibabu na za kukurudisha nyumbani, kwa hiyo usimwombe mtu jambo hilo kama unavyomwomba salamu. Hati halisi ndiyo inayohitajika ubalozini; nakala iliyotumwa kwa simu haitoshi. Kumbuka kwamba hata mwenyeji hupewa miadi ya kusubiri, pengine wiki kadhaa.

Ofisa wa viza anataka kujibiwa maswali matatu: unakwenda kufanya nini, nani analipa, na kitu gani kitakurudisha. Swali la tatu ndilo linalowaangusha wengi. Barua ya likizo, watoto walio shuleni, biashara inayoendelea, shamba au nyumba yenye hati, vyote hivyo ni ushahidi, na vinapaswa kuwa kwenye karatasi.

Makosa ya kuepuka: kuweka kiasi kikubwa cha pesa benki siku chache kabla ya kuomba. Fedha zisizo na historia huzua mashaka zaidi ya salio dogo linaloeleweka. Vilevile usitumie nyaraka za kughushi, hata kama wakala anakuhakikishia kwamba ndivyo wote wanavyofanya; taarifa zako hubaki katika mfumo unaosomwa na nchi zote za Schengen.

Viza ikitoka, isome palepale. Ina tarehe ya kuanza na ya kumalizika, halafu ina sehemu nyingine inayotaja idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa. Vitu hivyo viwili havilingani. Viza inaweza kuwa hai kwa siku 35 huku ikikuruhusu kukaa siku 20 tu, na atakayekaa siku 35 zote atakuwa amevunja sheria bila kujua.

Hatua ya 2: Funga mizigo kwa kufuata majira na sheria za forodha

Kuanzia Novemba hadi Machi utahitaji koti zito linalozuia upepo, viatu vilivyofunika mguu vyenye soli isiyoteleza, glavu, kofia na skafu. Fulana ya ndani, sweta na koti vikivaliwa kwa tabaka hufaa kuliko sweta tatu nene, kwa kuwa ndani ya nyumba na treni kuna joto na utalazimika kuvua. Kama mwenyeji wako anaweza kukuazima koti, ni bora kuliko kununua kwa haraka.

Vyakula vya zawadi ndivyo vinavyoleta majuto uwanjani. Nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, pamoja na vitu vinavyotokana navyo, haviruhusiwi. Hivyo samli, jibini, soseji na nyama iliyokaushwa vyote viache nyumbani. Matunda mengi yanahitaji cheti cha afya ya mimea. Yasiyohitaji cheti ni mananasi, ndizi, nazi, tende na duriani peke yake. Maembe, maparachichi na mapapai hayamo katika orodha hiyo. Chai, kahawa iliyokaangwa na viungo vilivyokaushwa kama vile karafuu na mdalasini ni zawadi zisizo na taabu. Miraa ni dawa ya kulevya kwa sheria za Ujerumani, na anayekamatwa nayo hushtakiwa. Usimbebee mtu mfuko ambao hukuufunga mwenyewe.

Ukibeba fedha zinazofika yuro 10,000, za sarafu yoyote, lazima uzitangaze kwa maandishi.

Hatua ya 3: Jiandae kwa ukaguzi wa mpakani

Ukaguzi wa pasipoti hufanyika katika kiwanja cha kwanza cha Schengen unachotua, ambacho si lazima kiwe cha Ujerumani. Anayesafiri kutoka Dar es Salaam au Nairobi kwa KLM hukaguliwa Amsterdam, kisha huingia Ujerumani kama msafiri wa ndani. Kwa hiyo weka muda wa kutosha kati ya ndege mbili. Saa moja ni hatari kwa mgeni anayefika mara ya kwanza.

Tangu Oktoba 12, 2025, nchi za Schengen zilianza kutumia mfumo wa kielektroniki unaosajili kuingia na kutoka kwa wageni. Utapigwa picha ya uso, na alama za vidole ulizotoa wakati wa kuomba viza zitahakikiwa. Kompyuta ndiyo inayohesabu siku zako sasa, na haisahau.

Beba nyaraka hizi katika mkoba wa mkononi, si katika sanduku lililopakiwa: bima, anwani kamili na namba ya simu ya mwenyeji, nafasi ya hoteli, tiketi ya kurudi na ushahidi wa fedha. Ofisa anaweza kuuliza swali moja akakuruhusu, au akaomba zote. Jibu kwa ufupi na kwa ukweli; majibu yako yalingane na uliyoandika katika fomu ya viza.

Hatua ya 4: Toka uwanjani bila kupotea

Kabla ya kupanda ndege, hakikisha jina la mji. Frankfurt ziko mbili: ile kubwa iliyo kando ya mto Main, na nyingine iliyo kando ya mto Oder, mpakani mwa Poland. Kiwanja cha Frankfurt-Hahn nacho kiko zaidi ya kilomita 100 kutoka Frankfurt yenyewe.

Katika kiwanja kikuu cha Frankfurt kuna vituo viwili vya treni. Chini ya jengo namba 1 kuna kile cha treni za karibu, ambako treni za S8 na S9 zinafika kituo kikuu cha mji kwa takriban robo saa. Cha treni za mbali kiko ng'ambo ya barabara, nacho kimeunganishwa na kiwanja kwa daraja la waenda kwa miguu. Kutoka kiwanja cha München unatumia S1 au S8, na safari huchukua kama dakika 40.

Saa katika ratiba huandikwa kwa mtindo wa saa 24. Treni ya 14:10 inaondoka saa nane na dakika kumi mchana, na ya 20:05 inaondoka saa mbili na dakika tano usiku. Badilisha pia saa ya mkononi: Ujerumani iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 2 wakati wa baridi na kwa saa 1 kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba.

Hatua ya 5: Nunua tiketi ya mjini na uihalalishe

Hapa ndipo faini nyingi hutokea. Kununua tiketi ni nusu ya kazi. Katika miji kama Berlin na München, tiketi ya karatasi haina nguvu mpaka uigonge muhuri katika kisanduku kidogo kilichoko jukwaani au ndani ya basi. Unaiingiza kwenye tundu, unasikia mlio, nayo inatoka ikiwa imechapwa saa na mahali. Frankfurt tiketi ya mashine hutoka ikiwa tayari imeanza kutumika, haigongwi. Kwa hiyo ukiwa katika mji mpya tafuta neno »entwerten« (kugonga muhuri) kwenye tiketi au kwenye kisanduku, na ukiona shaka muulize mtu kabla ya kupanda.

Jambo la pili ni kanda. Berlin imegawanywa katika kanda A, B na C, na kiwanja cha ndege cha BER kiko C. Anayenunua tiketi ya AB kwa sababu ni rahisi zaidi, kisha akapanda treni ya kutoka kiwanjani, anahesabiwa hana tiketi. Faini ni yuro 60. Wakaguzi mara nyingi huvaa nguo za kiraia, huonyesha vitambulisho treni ikishaondoka, na hawapatani bei.

Anayekusudia kuzunguka sana afikirie Deutschlandticket, ambayo tangu Januari 2026 ni yuro 63 kwa mwezi. Inatumika katika mabasi, tramu, treni za chini ya ardhi na treni za mikoa nchi nzima, lakini haifanyi kazi katika treni za kasi za ICE, IC na EC. Ni mkataba unaojirudia wenyewe, hivyo usipoufuta kabla ya tarehe 10 ya mwezi, utakatwa tena mwezi unaofuata ukiwa umeshafika nyumbani.

Hatua ya 6: Safiri kwa treni za mbali

Pakua DB Navigator, programu ya simu ya shirika la reli la Ujerumani, kabla ya safari. Tiketi za bei nafuu, zinazoitwa Sparpreis, hununuliwa mapema na zimefungwa kwa treni ile uliyochagua. Ukichelewa kwa uzembe wako imekupotea. Flexpreis ni ghali, lakini hukuruhusu kupanda treni yoyote ya siku hiyo katika njia hiyo. Kiti hakimo ndani ya bei ya daraja la pili: unakilipia peke yake, na siku za Ijumaa na Jumapili inafaa kukilipia.

Fika jukwaani dakika 15 kabla. Namba ya jukwaa huandikwa kama Gleis, na hubadilika mara nyingi dakika za mwisho, kwa hiyo endelea kutazama ubao. Jukwaa lenyewe ni refu sana, limegawanywa kwa herufi kuanzia A zilizotundikwa juu, na ubao huonyesha behewa lipi litasimama kwenye herufi ipi. Ikiwa nafasi yako iko behewa la 23 na ubao unasema litasimama kwenye F, nenda ukasimame F na sanduku lako. Treni husimama dakika chache tu, na anayekimbia jukwaani akivuta mizigo mara nyingi huishia kuingia behewa lisilo lake.

Tahadhari kubwa zaidi: baadhi ya treni hugawanyika njiani. Treni kadhaa zinazotoka Berlin kuelekea magharibi hukatwa Hamm, nusu moja ikapita njia moja na nusu nyingine njia nyingine. Soma jina la mji wa mwisho lililoandikwa ubavuni mwa behewa lako, wala usiridhike na namba ya treni peke yake.

Hatua ya 7: Fedha, maduka na chakula

Pesa za simu tulizozizoea hazitumiki madukani. Kadi zinakubalika katika maduka makubwa na hoteli, lakini maduka madogo ya mikate, masoko ya mitaani na baadhi ya mikahawa hudai taslimu. Mashine ya kutolea fedha ikikuuliza kama inukuu kiasi kwa shilingi, kataa na uchague yuro, kwa kuwa kiwango chake cha kubadilisha huwa kibaya. Weka sarafu mfukoni: vyoo vya vituoni hulipiwa, kwa kawaida senti 50 hadi yuro 1.

Maduka hufungwa Jumapili na sikukuu za kitaifa kama vile Mei 1, Oktoba 3 na Desemba 25 na 26. Ukifika Jumamosi usiku, nunua chakula kabla hujalala. Kesho yake utategemea maduka ya vituo vikuu vya treni na vituo vya mafuta, ambayo ni ghali.

Chupa za plastiki na makopo mengi ya vinywaji hutozwa amana ya senti 25. Usiitupe chupa wala usiiponde. Irudishe katika mashine iliyoko supamaketi, itaisoma alama yake na kukupa risiti, nawe unaipeleka kwa keshia ukalipwa. Maji ya bomba ni salama kunywa, isipokuwa palipoandikwa »Kein Trinkwasser«, yaani si maji ya kunywa.

Kwa Mwislamu, maduka ya Kituruki yenye neno »Helal« yamejaa katika miji mikubwa, ingawa si kila kibanda cha kebabu kinauza nyama ya halali, hivyo uliza. Jipangie pia sala: Berlin mwezi wa Juni jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku, na Desemba huzama kabla ya saa kumi jioni.

Hatua ya 8: Barabarani na nyumbani

Aliyetoka Tanzania, Kenya au Uganda akumbuke kwamba magari hupita kulia, kwa hiyo tazama kushoto kwanza. Usitembee katika njia ya baiskeli, ambayo mara nyingi ina rangi nyekundu na iko bega kwa bega na ya waenda kwa miguu. Kuvuka taa ikiwa nyekundu ni faini ya yuro 5, na mbele ya watoto utakaripiwa na watu usiowajua.

Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na Jumapili nzima, kelele hazivumiliwi. Mgeni akizungumza kwa simu ya sauti kubwa barazani usiku, barua ya malalamiko humfikia mwenyeji baada ya wewe kuondoka.

Mambo yakienda kombo

*Treni imechelewa.* Ikitarajiwa kukufikisha kwa kuchelewa dakika 20 au zaidi, tiketi ya Sparpreis hufunguliwa, nawe unaweza kupanda treni nyingine. Ukifika umechelewa dakika 60 unadai asilimia 25 ya nauli, na dakika 120 asilimia 50. Piga picha ubao unaoonyesha kuchelewa huko.

*Umetozwa faini.* Usikimbie wala usibishane. Pokea karatasi, uilipe kabla ya tarehe iliyoandikwa. Ukiona umeonewa, andika malalamiko kwa kampuni husika ukiambatisha nakala ya tiketi.

*Sanduku halikufika.* Toa taarifa katika dawati la mizigo kabla ya kutoka ukumbini, upewe hati yenye namba. Sanduku lililoharibika hudaiwa kwa maandishi ndani ya siku 7.

*Umeugua.* Kwa hatari ya maisha au moto piga 112, na kwa polisi 110. Kwa ugonjwa usioweza kusubiri kesho lakini usiohatarisha maisha, piga 116117 upate daktari wa zamu. Hata paracetamol huuzwa katika duka la dawa, lenye herufi A nyekundu, na si supamaketi. Usiku na Jumapili jina la duka la zamu hubandikwa mlangoni mwa maduka mengine. Wapigie watu wa bima mapema, na utunze kila risiti.

*Pasipoti imepotea.* Nenda polisi kwanza uandikishe taarifa, kisha wasiliana na ubalozi wa nchi yako ulioko Berlin. Nakala ya pasipoti na ya viza, uliyojitumia kwa barua pepe kabla ya safari, itakupunguzia siku nyingi za kusubiri.

*Umenyimwa viza.* Soma sababu zilizowekwa alama kwenye barua. Tangu Julai 1, 2025, Ujerumani imeondoa utaratibu wa kuandika pingamizi ubalozini, kwa hiyo zimebaki njia mbili: kushtaki mahakamani Berlin, au kuomba upya. Kwa walio wengi kuomba upya ndiyo njia ya haraka, mradi uambatishe ushahidi mpya unaojibu sababu ile ile iliyotajwa. Kurudisha nyaraka zile zile kwa matumaini kwamba utampata ofisa mwingine ni kupoteza yuro 90 nyingine.